Ada ya maegesho hospitalini: omba msamaha siku ya kwanza ya matibabu

Hapa England, mkazi anayeugua saratani halipii tibakemikali (kemo) wala mionzi, na tangu 2009 hata dawa za kuchukua famasi hupewa bure akishapata cheti chake cha msamaha. Gari lake, hata hivyo, linatozwa kila anapokuja. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha tibakemikali, na nimeona familia zetu zikipiga hesabu ya maegesho kabla ya kuuliza lolote kuhusu dawa.

Anayetazama kwa mbali atasema mgonjwa apande basi. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaomshauri asipande. Dawa nyingi za kemo hushusha chembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na katika siku hizo mafua ya abiria mwenzake yanaweza kumlaza wodini. Bado hujataja kichefuchefu, miguu kufa ganzi, na uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Halafu kuna suala la muda. Mgonjwa anaambiwa dripu yake ni ya saa mbili. Lakini majibu ya damu lazima yaonekane kwanza, na mara nyingi famasi haichanganyi dawa mpaka yakubalike, kwa kuwa dawa hizi ni ghali na nyingine hazidumu zikishachanganywa. Figo zikitia wasiwasi, daktari anaitwa. Mshipa ukigoma kupatikana, tunaanza upya. Saa mbili zinageuka sita, na huko nje ada inazidi kupanda. Nimewaona wagonjwa, sindano iko mkononi, wakiwasihi waume au watoto wao wateremke haraka wakaongeze pesa. Mgonjwa anabaki peke yake dakika zile za kwanza dawa inapoanza kuingia, ambazo ndizo hasa tunataka awe na mtu wake karibu.

Uskoti na Wales zilifuta ada hizi mwaka 2008, isipokuwa pale ambapo maegesho yalikuwa mikononi mwa kampuni binafsi kwa mikataba mirefu. Uskoti ilimalizana na mikataba hiyo 2021. England haikufuta. Mwishoni mwa 2019 serikali ilitangaza msamaha kwa makundi manne tu: watu wenye ulemavu, wagonjwa wa nje (wasiolazwa) wanaohudhuria mara kwa mara, wazazi wanaolala hospitalini na watoto wao wagonjwa, na wafanyakazi wa zamu ya usiku.

Lile kundi la pili lina mtego. Kanuni inasema uwe unahitajika hospitalini angalau mara 3 ndani ya siku 30, na hali hiyo idumu angalau miezi 3. Anayepata dripu kila wiki kwa nusu mwaka anaingia bila shida. Lakini mwanamke mwenye saratani ya titi siku hizi mara nyingi hupewa mionzi mara 5 ndani ya wiki moja, au mara 15 ndani ya wiki tatu. Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume anaweza kupangiwa mara 20 ndani ya wiki nne. Hawa wanakuja kila siku ya kazi, na bado kwa maneno ya kanuni hawastahili, kwa sababu hawafikishi miezi mitatu. Tukikadiria pauni 4 kwa kila ujio, huyo wa mara 20 atalipa pauni 80 katika mwezi ambao huenda hafanyi kazi. Kanuni hii imewakosea, na ingepasa ibadilishwe.

Anayepata kemo kila wiki tatu naye ataonekana hatoshi, mpaka zihesabiwe safari za kupima damu, za skani na za kumwona daktari. Kwa hiyo zihesabu zote, na uwe na barua za miadi mkononi.

Bahati nzuri, hospitali nyingi huwapa wagonjwa wa saratani kibali cha kuegesha bure au kwa bei nafuu hata pale kanuni inapowaacha. Shida ni kwamba anayekaa kimya hakipati. Muulize muuguzi wako wa saratani au karani wa mapokezi siku ya kwanza kabisa, na uwe na namba ya gari. Hospitali nyingi sasa zinatumia kamera zinazosoma namba, kwa hiyo hata mwenye Blue Badge, yaani kibali cha maegesho cha watu wenye ulemavu, asitosheke kuiweka kwenye kioo. Aulize kama gari linapaswa kuandikishwa ndani.

Najua kwa nini wengi wetu hatuulizi. Tunaona haya kuonekana hatuna, au tunahofia viza. Wakubwa walisema mficha uchi hazai, na hapa unaficha mbele ya watu ambao kazi yao ni kukusaidia. Kibali cha maegesho hakigusi viza yako.

Mwenye kipato kidogo ana mlango mwingine: mpango wa NHS (huduma ya afya ya umma) wa kurudisha gharama za safari za hospitali, unaojumuisha maegesho yasiyoepukika. Anayepokea Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa anastahili. Asiyepokea ajaze fomu HC1 kuomba cheti cha HC2 (msaada kamili) au HC3 (msaada wa sehemu), mradi akiba yake haizidi pauni 16,000, kiwango kinachotumika kwa asiyeishi kwenye nyumba ya matunzo. Cheti hicho hakimo katika orodha ya fedha za umma, yaani misaada ya serikali, ambazo baadhi ya viza huzikataza. Ukiwa na barua ya miadi, risiti na uthibitisho wa kipato, hospitali nyingi zina dirisha la keshia linalorudisha pesa siku hiyo hiyo. Vinginevyo tuma fomu ya madai HC5(T) ndani ya miezi 3 tangu siku ya miadi. Na daktari akithibitisha kuwa unahitaji msindikizaji kwa sababu za kitabibu, gharama za safari yake nazo zinaweza kudaiwa humo humo.