Kishikwambi hakimweki mwanafunzi kitovuni: dhana potofu kuhusu ufundishaji wa zama za kidijitali

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi ambavyo makarani walitumia kuhesabu watu nchini Tanzania vilikabidhiwa sekta ya elimu ili viwafikie walimu. Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika, yenye msisitizo mkubwa wa umahiri. Kenya nayo ilikwisha kuanza safari hiyo 2019, mtaala wake wa umilisi, CBC, ulipoingia rasmi madarasani. Mwalimu wa leo amejikuta na mambo mawili kwa mpigo: kifaa mkononi, na agizo la kumfanya mwanafunzi kuwa kitovu cha somo. Kosa kubwa ni kudhani kwamba la kwanza litazaa la pili.

Dhana: Vifaa vikifika, ufundishaji utabadilika wenyewe

Peru walilijaribu hili kwa kiwango ambacho sisi hatujakifikia. Serikali yao iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wa shule, nyingi zikienda vijijini. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilipotoa matokeo ya utafiti wake 2012, uliofanyika katika shule 319, haikuona ushahidi wowote kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda. Watoto walizijua kompyuta, ndiyo. Lakini somo lilibaki lilelile, kwa sababu hakuna aliyembadilishia mwalimu namna ya kufundisha.

Mfano wa karibu zaidi, na ninaoupenda zaidi, ni wa Kisumu. Katika jaribio la kufundisha kusoma, shule ziligawanywa makundi. Kundi moja, vishikwambi walipewa maofisa wanaozunguka shuleni kuwashauri walimu. Kundi la pili walipewa walimu wenyewe. Kundi la tatu, wanafunzi ndio waliopewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea. Makundi yote matatu yalipata pia vitabu na mafunzo ya walimu, na yote yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikupata chochote. Ila yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe, hayakuachana kwa tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye gharama: kumpa ofisa kifaa kimoja ni rahisi mno kuliko kumpa kila mtoto chake.

Kenya ilipoanzisha mpango wa Tusome nchi nzima 2015, ilifuata somo hilo. Mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe cha kusoma, kishikwambi akapewa ofisa. Ofisa anaingia darasani, anaangalia somo, anawasikiliza watoto wachache wakisoma, anajaza anachokiona, kisha anakaa na mwalimu kuzungumza. Teknolojia ilikwenda kwa mtu anayemsaidia mwalimu, na aliyefaidika ni mtoto asiyeigusa. Kwa maoni yangu huko ndiko kumweka mwanafunzi kitovuni, kuliko chumba cha kompyuta kinachofunguliwa siku ya wageni.

Dhana: Tanga ilithibitisha kwamba mtoto mwenye kifaa hahitaji mwalimu

Hii inatokana na shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyiwa majaribio mkoani Tanga. Watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, na kila kijiji kikawekewa kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Ni mafanikio makubwa, na atakayeyabeza hajui mtoto anayeanza kusoma bila msaada anapambana na nini. Lakini isome tena ile nusu. Karibu nusu ya watoto, baada ya mwaka na zaidi wakiwa na programu zilizoshindaniwa na mabingwa wa dunia, bado hawakuweza kusoma neno. Na waliofaulu walifundishwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa hatua za mwanzo tu, kwa lugha wanayoielewa. Jaribio lile lilitafuta njia ya kumfikia mtoto aliye mbali na shule. Halikuwahi kuuliza kama mtoto aliye shuleni anaweza kuachwa na skrini.

Dhana: Kumlenga mwanafunzi maana yake mwalimu anyamaze, darasa likae vikundi

Tumeyaona sana madarasa haya. Madawati yamegeuzwa, andalio la somo limeandikwa "bungua bongo" na "majadiliano ya vikundi", na katika kila kikundi cha watoto kumi mmoja anaandika, wawili wanamtazama, waliobaki wanapiga soga. Mgeni akiingia ataona darasa shirikishi. Kilichokosekana ni mtu anayejua nani ameelewa nini.

Chukua somo la sehemu katika hisabati, darasa la tano. Mwalimu ameandika ubaoni 1/2 + 1/3. Mtoto anajibu 2/5: amejumlisha kiasi na kiasi (namba za juu), asili na asili (namba za chini). Mwalimu wa mazoea ataweka alama ya kosa, atarudia kanuni ya kutafuta asili moja, ataendelea. Mwalimu anayemlenga mwanafunzi anajua kwamba jibu hilo lina mantiki yake, na kwamba mantiki hiyo ndiyo ya kushughulikiwa. Anachukua mkanda wa karatasi, anaukunja katikati, anauliza: "Hii ni nusu. 2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Wanakunja wao, wanapima, wanakuta ni ndogo. "Sasa imekuwaje umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukabaki na pungufu ya nusu?" Hapo darasa linaamka. Mwalimu amezungumza sana katika dakika hizo, wala hapakuwa na kikundi hata kimoja, na bado somo lilikwenda kule alikokuwa mtoto.

Atakuuliza mtu: na wakiwa 80? Swali ni la haki, maana wanaohubiri mbinu hizi mara nyingi hawajawahi kusahihisha madaftari 80 usiku. Njia moja inayowezekana ni hii: dakika tano za mwisho kila mtoto ajibu swali moja kwenye kipande cha karatasi, avikusanye kiranja. Kuvisoma si kusahihisha. Unavipanga mafungu matatu: walioelewa, waliokosea kosa moja linalofanana, na waliopotea kabisa. Fungu la pili ndilo linalokuandalia somo la kesho.

Na hapo ndipo simu au kile kishikwambi cha sensa kinapopata kazi ya kweli. Piga picha ya karatasi tatu zenye kosa linalofanana, bila majina, uwatumie walimu wenzako wa hisabati: "Hili mnalitatuaje?" Tanzania ina mpango wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambao unataka walimu wajifunze pamoja papo hapo shuleni. Kikao chenye karatasi za watoto mezani kitazaa zaidi ya kikao cha kusomeana miongozo.

Dhana: Kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza: wa macho, wa masikio au wa vitendo

Hii imekaa kwenye notsi za vyuo vingi vya ualimu, na sasa inauzwa upya ndani ya programu zinazodai kumpimia mtoto "mtindo" wake. Mwaka 2008 wanasaikolojia wakiongozwa na Harold Pashler waliupitia ushahidi uliokuwapo na kukuta hautoshi kuunga mkono kuwagawa watoto hivyo. Watoto hutofautiana kweli, hasa katika yale wanayoyajua tayari. Ramani hufundishwa kwa macho kwa kila mtu, na matamshi kwa masikio kwa kila mtu.

Dhana: Watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu, hawahitaji kufundishwa

Kijana anaweza kuhariri video kwa dakika mbili na bado akaamini tangazo feki la nafasi za kazi linalomtaka atume hela ya fomu. Kutafuta chanzo, kulinganisha taarifa mbili, kutambua picha ya tukio la zamani inayosambazwa kama ya leo: haya hayaji kwa kushika simu. Yanafundishwa.

Dhana: Haya ni mambo ya kigeni, watoto wetu wana adabu, hawaulizi maswali

Machi 1967, katika "Elimu ya Kujitegemea", Mwalimu Nyerere alitaka elimu imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kujifunza kwa wengine, na kukataa au kurekebisha anachojifunza kulingana na mahitaji yake. Kwa hiyo anayesema udadisi umeletwa na wafadhili amesahau historia yetu.

Ukimya wa darasani una chanzo cha karibu zaidi ya adabu. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, halafu akifika Kidato cha Kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Mwambie sasa "jadilini". Atajadili kwa maneno gani? Watoto haohao waliokaa kimya kwenye baiolojia utawasikia mapumziko wakibishana kuhusu Simba na Yanga kwa hoja, takwimu na mifano.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka mjadala wa kweli awape lugha ya kujadilia. Weka kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi na kingine kwenye maji matupu, uwaache wabishane kwa Kiswahili kwa nini kimoja kimelegea na kingine kimekakamaa. Wanaokaa nyuma ambao hawavioni vipande vizuri, warekodie kwa simu waone kwa ukaribu. Wakishakubaliana maji yamekwenda wapi, ndipo waandike sentensi zao tatu za Kiingereza, kwa msamiati ulioandikwa ubaoni, wakiwa tayari wana cha kusema.