Joe Henderson, mgeni aliyekuwa anawaponya wenyeji

Vijana ninaowafundisha saksafoni ya tenor wananiuliza kila mara, mwalimu nianze na albamu ipi ya Joe Henderson, yule mpuliza tenor wa jazi wa Marekani, na jibu langu huwa linawakera kidogo: anza na zile ambazo siyo zake. Wanadhani nawatania. Sitanii bana, huyu bwana ukimwanzia kwenye santuri zenye jina lake juu utamkubali tu, utasema jamaa anajua, ila hutaelewa kwa nini sisi wapuliza mdomo wa bata tunamtaja kwa heshima ileile tunayowapa akina John Coltrane na Sonny Rollins, vigogo wa tenor.

Kabla sijaenda mbali, jazi ninayoongelea hapa ni ile ya Marekani, siyo Morogoro Jazz wala Western Jazz, hao wetu walichukua jina wakapiga dansi lao na nawapenda vilevile, ila ni habari ya siku nyingine. Na nikisema solo simaanishi gitaa la solo, namaanisha ile zamu ya mtu kupiga ya kwake papo kwa papo wenzake wakimshikia mdundo.

Haya. Si mnajua ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone? Miaka ya 60 pale Blue Note, lebo ya jazi ya New York, maisha yalikuwa hivyohivyo, leo rekodi ni yako mimi nakuja kukusindikiza, wiki ijayo yangu wewe unakuja, na karibu zote mnaenda kurekodi kwa mtu mmoja, Rudy Van Gelder, studio yake iko Englewood Cliffs, New Jersey. Mwenye rekodi ndo anapanga nyimbo na jina lake ndo linakaa juu kwa herufi kubwa, msindikizaji anapiga zamu yake anachukua chake anaondoka. Sasa Henderson ndani ya miaka michache tu alitokea kwenye albamu karibu 30 za Blue Note, na katika hizo zilizo zake ni tano. Tano! Zingine zote alikuwa nyumbani kwa watu.

Alizaliwa 1937 kwenye mji unaitwa Lima, jimbo la Ohio (wenyewe wanatamka Laima, kwa hiyo utani wa jembe niuache kwanza), kwenye familia yenye watoto wengi, akasoma muziki mpaka Detroit, akaenda jeshini 1960 akatoka 1962, akaingia New York. Aliyempokea ni mpiga tarumbeta Kenny Dorham, mtu mzima kwake kwa miaka kumi na kitu, fundi mkubwa ambaye umaarufu ulimpita kando kando tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila Dorham hata hizo siku mbili hakungoja: tarehe 1 Aprili 1963 kijana yuko studio kwenye albamu ya Dorham, Una Mas, na miezi miwili baadaye, tarehe 3 Juni, tayari anarekodi ya kwake, Page One. Dorham naye akaja kumpigia tarumbeta, akamwandikia maneno ya nyuma ya jalada, na juu ya hapo akamletea zawadi, kibao kinaitwa Blue Bossa. Kama umewahi kukaa hoteli yoyote yenye bendi inayopigia watu wakati wa chakula cha jioni basi umeshakisikia, sisi wa mahotelini tunakipiga mpaka wahudumu wanakiimba. Cha Henderson mwenyewe mle ndani ni Recorda Me, alikitunga akiwa bado kijana kule Lima.

Kichekesho kimoja cha Page One, aliyepiga piano ni McCoy Tyner, mpiga piano wa Coltrane, lakini alikuwa na mkataba na lebo nyingine, kwa hiyo juu ya jalada wakataja wengine halafu wakamalizia na "n.k." hivi. McCoy Tyner mzima kawa n.k.

Sasa njoo Novemba 1963, huo mwezi kwangu ndo darasa lenyewe. Tarehe 4 yuko kwa Grant Green, mpiga gitaa, wanarekodi Idle Moments. Kibao kimetungwa na mpiga piano Duke Pearson, ni cha polepole kama moshi wa sigara, na wakapishana kuelewana kama duru moja ya wimbo ni baa 16 au baa 32 (baa za muziki, vile vipande vya kuhesabia mapigo, siyo za bia), matokeo yake kila mtu akajikuta anapiga mara mbili ya ilivyopangwa na kibao kikafika karibu dakika 15. Kikapendwa hivyohivyo, wakaona bora warudi siku nyingine wafupishe nyimbo zingine ili zote zitoshe kwenye santuri. Sikiliza Henderson anavyoingia pale baada ya piano. Haingii kwa mlango wa mbele. Anaingia kwa sauti ya chini yenye pumzi pumzi kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala, na mimi nilivyosikia mara ya kwanza nilibishana na rafiki yangu kwamba huyo siyo yeye, nikalipa soda.

Siku chache tu baadaye yuko kwa mpiga piano Andrew Hill kwenye Black Fire, na huko ni nyumba nyingine kabisa, muziki wa Hill ni wa kona kona, unadhani mstari unaisha haujaisha, unadhani pigo liko hapa kumbe liko pale. Halafu Desemba 21 yuko kwa mpiga tarumbeta Lee Morgan kwenye The Sidewinder, bluzi ya kuchezesha watu, ila siyo ya baa 12 za kawaida, imetanuliwa ikawa 24, na ndo ikaja kuwa wimbo uliouza kweli. Hizo ni nyumba tatu ndani ya wiki saba. Wapigaji wengi ukiwatoa kwenye aina yao wanafanya moja kati ya mawili, wanajificha au wanageuza sherehe ya mwenzao kuwa ya kwao, yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Unamtambua kote, bado ni ile sauti kavu kidogo, isiyo kubwa sana, yenye vile vijitetemesho vya haraka haraka na mikwaruzo, lakini kila mwenyeji anaondoka na rekodi bora kuliko angeenda peke yake.

Anafanyaje? Hapa ndo niingie ufundi kidogo, na mfano wangu ni Song for My Father ya Horace Silver, Oktoba 1964, wimbo Silver aliompa baba yake aliyetoka Cape Verde (na mzee mwenyewe ndo yuko kwenye jalada, na kofia yake). Solo ziko mbili tu, ya Silver kwenye piano kisha ya Henderson. Vijana wangu huwa nawaambia wasishike saksafoni kabisa, washike kalamu, waandike ni mara ngapi ananyamaza. Anaanza na kijisentensi kifupi, ananyamaza, anakirudia kimepinda kidogo, ananyamaza, na kwenye huo unyamavu Silver anatia vikodi vyake (kodi za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, siyo za TRA) na unasikia kabisa kwamba wanajibizana kama watu wawili kibarazani. Halafu pole pole sentensi zinarefuka, anapanda juu, zinakuja zile kelele kelele na mtetemesho, na kufikia kilele wewe hujaona amefikaje huko kwa sababu kila hatua ilikuwa imetoka kwenye ile ya nyuma yake. Hakuna hata kitu kimoja alichokuja nacho mfukoni kutoka nyumbani, au kama kipo basi kakificha vizuri.

Mimi mwenyewe hili nililijua kwa aibu. Miaka hiyo nilikuwa nimekariri mistari yake kibao, nikaenda kupiga na bendi moja, ikafika Blue Bossa nikamwaga vyote, haraka haraka, nimejaa jasho nasubiri sifa. Mzee mpiga dramu akaniita pembeni wakati wa mapumziko akasema, "Mdogo wangu, umeongea vizuri sana, ila sisi ulituona?" Sikupata usingizi. Nilikuwa nimechukua maneno ya Henderson nikaacha masikio yake.

Sikiliza anavyowafuata wapiga dramu, yaani hapo ndo siri ilipo kwa maoni yangu, kuliko kwenye noti. Kwenye Una Mas ni Tony Williams, mtoto wa miaka 17. Kwenye Unity ya mpiga ogani Larry Young, Novemba 1965, ni Elvin Jones, na hakuna mpiga besi, besi anaipiga Young mwenyewe, kwa hiyo chini pako wazi na Elvin anajaza mawimbi kila mahali na Henderson anateleza juu yake kama mtu wa pwani aliyezaliwa na ngalawa. Kwenye The Real McCoy, Aprili 1967, Elvin tena na McCoy Tyner, yaani watu wawili waliokuwa nyuma ya Coltrane miaka yote ile, Coltrane mwenyewe bado yuko hai, na huyu ndo kasimama mahali ambapo kila mtu anangoja kusikia Coltrane. Weka kibao chake cha kwanza, Passion Dance. Kama ingekuwa mimi ningekimbia au ningeiga. Yeye anaingia na midundo yake ya kukatakata, mbio mbio, unasikia Elvin amefurahi.

Point of Departure ya Andrew Hill (Machi 1964) niitaje tu, ina mpuliza saksafoni Eric Dolphy, ina Dorham, ina Tony Williams, na siyo ya kuanzia, usije ukanilaumu.

Ukishapita huko kote, SASA rudi kwenye zake. Inner Urge, tarehe 30 Novemba 1964, watu wanne tu, hakuna tarumbeta ya kujificha nyuma yake, McCoy na Elvin wapo na Bob Cranshaw kwenye besi. Siku tisa baada ya hapo McCoy na Elvin walirudi studio ileile na Coltrane wakarekodi A Love Supreme, albamu yake maarufu, hebu fikiria hiyo wiki yao. Kibao chenyewe cha Inner Urge kina baa 24, 16 za kwanza kodi zinatembea taratibu, nne nne, unajisahau, halafu baa nane za mwisho kodi inabadilika kila baa na kuruka mahali usipotarajia, na kwa mwendo ule wengi ndo hufia hapo. Alisema kimetokana na hasira na msongo wa kuhangaika New York, na unasikika. Ila uliyemsikia kwa Grant Green na kwa Silver unasikia pia kwamba hata akiwa na hasira bado anamwachia Elvin nafasi. Mode for Joe ya 1966 wengi wanaiweka juu, ni watu saba na imepangwa vizuri sana, mimi naiona imejaa mno, kama daladala ya jioni, ila sikatazi mtu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 alikuwa lebo ya Milestone, Power to the People ya 1969 nzuri, The Elements ya 1973 akiwa na mpiga piano na kinubi Alice Coltrane nzuri kwa mwenye subira, sikai hapo leo.

Nataka kufika Novemba 1985, ukumbi wa Village Vanguard kule New York, yeye na Ron Carter kwenye besi na Al Foster kwenye dramu, basi, wakarekodi live ikatoka kama The State of the Tenor. Dunia ilikuwa imemsahau kiasi. Halafu 1991 akiwa na miaka 54 akaingia studio kurekodi nyimbo za mtunzi Billy Strayhorn, albamu Lush Life, lebo ya Verve, na ndo ikauza na kumpa Grammy, baada ya miaka karibu thelathini ya kazi. Safari hii yeye ndo mzee mwenye nyumba na wageni ni vijana, mpiga besi Christian McBride ana miaka 19. Kwenye kibao cha Isfahan wamebaki wawili tu, saksafoni na besi, na mzee anamwachia mtoto nafasi kama alivyoachiwa na Dorham. Anaingia, anasema kidogo, anangoja.

Alifariki San Francisco mwaka 2001. Wimbo wa mwisho wa ile albamu ni Lush Life yenyewe, na hapo hakuna besi wala dramu wala piano, ni tenor peke yake mwanzo mwisho. Usiusikilize kwa simu kwenye foleni. Subiri watu walale, zima feni, na uhesabu tena anavyonyamaza.