Usiulize nani kaanza

Jioni moja pale Gungu, Kigoma, nilikuwa uani kwa mama mmoja wakati wanawe wawili walipokwaruzana kwa ajili ya mgebuka. Binti ana miaka 10, mdogo wake wa kiume 7. Mama akauliza: "Nani kaanza?" Ugomvi wa samaki ukageuka kesi. Kila mmoja akaleta ushahidi, hadi wa juzi.

Swali hilo, sisi maofisa ustawi wa jamii tunalisikia karibu kila nyumba, na naomba tuliache. Mzazi akishakuwa hakimu, watoto hawatafuti tena kupatana, wanatafuta kushinda. Aliyeshindwa anasubiri ugeuke tu alipize.

Watenganishe kwanza wapoe, maana mtoto aliyefura hasikii. Kisha kila mmoja aseme bila kukatishwa, ndipo uulize: "Sasa mnafanyaje?" Siku ile walikubaliana mmoja akate samaki, mwenzake awe wa kwanza kuchagua. Binti alishika kisu, akapima na kupima tena kama fundi cherehani mwenye kitambaa cha mteja. Aliyekosa ni paka tu.

Kilichonisumbua zaidi ni kauli ya mama kabla ya hapo: "Wewe mkubwa, mwachie mwenzio." Mama huyu huwahi Kibirizi alfajiri kununua dagaa. Anayechota maji, kuwasha moto na kumbeba kitinda mimba mgongoni ni huyohuyo binti. Halafu aachie na samaki? Akiachia kila siku atamchukia mdogo wake, na mdogo naye atajua kwamba akilia tu, anapata. "Mbona mwenzio anasoma vizuri?" nayo ni sumu ileile.

Wa miaka miwili bado hajui kugawana. Usimchape, mpe kitu kingine.

Tazama na saa. Ugomvi mwingi huzuka kabla ya chakula cha usiku, watoto wakiwa na njaa na wamechoka. Kipande cha muhogo wa kuchemsha saa 11 jioni huokoa mengi.

Ila ukiona anayeumia ni yuleyule kila mara, anamwogopa nduguye, au mmoja ameshika mchi au panga, usiseme ni utoto. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Wengi huogopa kwamba tutawanyang'anya watoto. Tukifika, kwanza tunaomba kiti, tunasikiliza.