Kufoka si kufundisha mpira

"Mtoto asipofokewa analegea." Kauli hii imezidi sasa, pembeni ya kila uwanja wa vumbi. Anayeisema anamkumbuka mmoja aliyefokewa akatoboa, hawahesabu walioacha kuja mazoezini.

Marekani, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafundisha makocha wa besiboli ya watoto kusifia juhudi na kusahihisha bila kudhalilisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, watoto wa makocha hao ambao hawakurudi msimu uliofuata walikuwa asilimia 5. Kwa makocha wengine walifika asilimia 26. Na matokeo ya mechi? Hayakutofautiana. Basi kelele zile zilinunua nini?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kocha akiacha kufoka anahamia kwenye "safi, safi, safi" kwa kila kitu. Mtoto wa miaka 11 anajua fika pasi yake imetoka nje. Ukimwambia safi, kesho hata safi ya kweli haiamini.

Chukua kosa moja. Kiungo kalipa mgongo goli la wapinzani, macho yote kwenye mpira, anautuliza kwa mguu ulio karibu na mpira unakotoka, anabanwa, anapokonywa. "Dogo, amka!" Amke afanye nini? Anachohitaji ni hiki: angalia nyuma kabla mpira haujafika, fungua mwili, yaani simama kiubavu uone pande zote mbili, pokea kwa mguu wa mbali. Mwambie kimoja tu, cha kwanza. Kisha mrudishie pasi ileile, pale pale, mara tano au sita. Akipatia, taja alichofanya: "Umeangalia nyuma, ndiyo maana umegeuka." Sifa ya namna hiyo anaweza kuirudia kwa miguu yake.

Halafu kuna kumwendesha mtoto kwa rimoti: "Piga! Toa! Geuka!" mpira ukiwa mguuni mwake. Hili naliona baya kuliko matusi, kwa sababu kocha anaamini anasaidia. Dalili yake ni rahisi kuiona: mtoto akipokonywa mpira, macho yanakwenda benchi kwanza, ndipo miguu inaanza kukimbiza. Mpinzani keshapita. Wapange wanne kwa wanne, dakika 6, nawe ukae kimya. Simamisha mara moja tu, uliza "Uliona nini?", kisha hesabu moyoni hadi tano kabla hujaongeza neno. Ukijibu wewe, umemnyang'anya swali.

Raundi za adhabu, acha. Aliyezungushwa uwanja mara tatu kwa chenga iliyokwama hatapiga chenga tena, atarudisha mpira nyuma msimu mzima. Kumtoa papo hapo baada ya kosa ni adhabu ileile. Subiri kwanza auguse mpira tena.

Vitabu vya ukocha vinapita haraka mahali pagumu. Watoto waliozoea kelele na fimbo, ukiwajia kwa sauti ya chini, watakupima wiki mbili tatu na mazoezi yatavurugika. Wengi hurudi kufoka hapo, wakidhani wamepata ushahidi. Dawa ya haraka sina. Weka sheria tatu zisizobadilika. Anayevunja akae nje dakika 2, bila hotuba, kisha arudi. Na kuna mtoto ukimsifia mbele ya wenzake ananywea kabisa. Huyo mfuate wakati wa kunywa maji, umwambie kwa sauti ya wawili.