Ulaya haikupiga marufuku akili mnemba

Tangu Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya ipate nguvu ya kisheria tarehe 1 Agosti 2024, imezoeleka kusikia kwamba Ulaya imeifungia milango teknolojia hiyo. Sivyo. Sheria hiyo huipima programu kwa kazi inayofanya na madhara inayoweza kumletea binadamu. Ndiyo maana programu ya kuchuja barua pepe taka haikuongezewa mzigo wowote wa maana, ilhali ile inayochambua maombi ya kazi imewekwa katika kundi la hatari kubwa, ambalo linaruhusiwa kwa masharti ya kutunza kumbukumbu, kusimamiwa na binadamu na kukaguliwa kabla ya kuingia sokoni.

Yaliyokatazwa kabisa, kuanzia tarehe 2 Februari 2025, ni machache, na hata hayo yana mipaka. Chukua kituo cha kupokea simu za wateja: mwajiri haruhusiwi kutumia programu inayosikiliza sauti ya mfanyakazi ili kubaini kama ana hasira au huzuni, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama. Programu hiyohiyo ikielekezwa kwa mteja aliyepiga simu, katazo hilo haliihusu, ingawa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2016 bado inamlinda mteja huyo. Kwa maoni yangu, hapo pameachwa pengo kubwa mno. Kampuni inayokiuka makatazo inaweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 35, au asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka duniani kote.