Mtaa kupandishwa ujazo si ruhusa ya kuchimba msingi

Mlolongo wake tumeuzoea. Mkutano wa mtaa unafanyika, mtaalamu anaeleza kwamba eneo fulani linapendekezwa kutoka ujazo wa chini (viwanja vikubwa, nyumba chache) kwenda ujazo wa kati (viwanja vidogo zaidi, nyumba nyingi zaidi), watu wanapiga makofi, na wiki mbili hazijaisha lori la mawe limeshamwaga mzigo. Fundi yupo, tofali za kuchoma zimepangwa, msingi wa nyumba ya pili au wa fremu sita umefika kwenye mkanda. Mkaguzi wa majengo akipita na kuandika kwa rangi nyekundu kwamba ujenzi usimame, mwenye kiwanja anakuja ofisini kwetu, mipango miji, amewaka: "Si ninyi wenyewe mlisema tunaruhusiwa?"

Hatukusema hivyo. Tulichosema ni kwamba eneo linapangwa upya, na tukaomba maoni. Kati ya kauli hiyo na siku ambayo fundi anaruhusiwa kuchimba kuna safari, na makala haya yanaieleza, kwa kuwa malalamiko mengi tunayoyapokea yanaanzia hapo.

Sababu ya jiji kuongeza ujazo iko wazi. Kwa Sensa ya 2012 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279. Sensa ya 2022 ikakuta watu 541,603. Ardhi haijaongezeka. Kaskazini tumezuiwa na Mlima Loleza na safu yake, kwa hiyo jiji limejinyoosha kufuata barabara kuu, Iwambi upande huu, Uyole na Igawilo upande ule, na kila tunaponyoosha mguu tunakanyaga shamba la mahindi au la viazi la mtu. Wakati huohuo, katikati ya mji, maeneo kama Forest ya Zamani yana viwanja vikubwa vilivyopimwa zamani kwa familia moja moja, vyenye lami, bomba na umeme getini. Bomba linalohudumia nyumba moja linaweza kuhudumia nne kwa gharama ndogo kuliko kupeleka bomba jipya kilomita kadhaa nje ya mji.

Lakini mpango una ngazi zake. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 kuna mpango wa jumla wa mji mzima, ambao wengi huuita mpango kabambe, na chini yake kuna mipango kina ya maeneo, ile inayoonyesha kiwanja kwa kiwanja. Mpango unaposema eneo ni la ujazo wa kati, unaeleza jambo ambalo mamlaka iko tayari kulifikiria ukiliomba. Hati yako haijaguswa. Eneo lililoandikwa humo ni lilelile, matumizi ni yaleyale na masharti ni yaleyale, mpaka wewe mwenyewe uombe kubadilisha na ukubaliwe. Hakuna mtu anayekuja usiku kukibadilisha kiwanja chako, na tunashangaa uvumi huo bado una wasikilizaji.

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 40 kwa 40, yaani mita za mraba 1,600. Mzee anataka kuwagawia watoto wanne. Hesabu ya haraka ni 400 kwa kila mmoja, na kwenye karatasi inakubali. Tatizo ni kwamba kiwanja kinapakana na barabara upande mmoja tu, kwa hiyo wale wawili wa nyuma hawana pa kutokea. Weka njia ya mita 6 katikati, toka mbele mpaka nyuma: mita za mraba 240 zimeondoka. Zinabaki 1,360, kila mtoto 340, kiwanja cha mita 17 kwa 20. Sasa acha nafasi ya mbele, ya nyuma na ya pembeni kwa jirani. Tafuta pa kuweka karo la majitaka na shimo lake, mbali na msingi na mbali na kisima kama kipo, na hakikisha gari la kunyonya majitaka linafika. Kilichobaki ndicho cha kujengea. Mara nyingi mzee anatazama mchoro, anakaa kimya, halafu anauliza kama watatu wanaweza kupata viwanja na mmoja akapewa kitu kingine. Wanaweza, ila hilo ni la familia, sisi hatuliingilii.

Ndiyo maana wawili wenye viwanja vya ukubwa mmoja, mtaa mmoja, wanaweza kupata majibu tofauti: mmoja yuko kwenye kona, ana barabara pande mbili, na mwingine amebanwa. Huo si upendeleo.

Yapo pia maeneo ambayo ujazo hautapandishwa hata watu waandike barua ngapi. Miteremko mikali ni mojawapo. Aprili 2024, mvua ikiwa imelowesha ardhi kwa muda mrefu, tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba kule Itezi na kufika mpaka shuleni. Baada ya tukio kama hilo, mtu anapotuambia kwamba babu yake aliishi mlimani miaka yote bila shida, tunamsikiliza kwa heshima, lakini babu alikuwa na nyumba moja ya bati na miti nyuma yake. Leo mlima umekatwa ngazi ngazi kupata pa kujenga, miti imeondoka, na maji ya mapaa yote yanashuka kwenye mfereji mmoja.

Kingo za mito ni sehemu ya pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kupanda kwa ujazo hakupunguzi mita hizo. Hoja kwamba kijito kinakauka kiangazi, au kwamba mto ulihama wenyewe, tumeisikia ya kutosha.

Na kwa wanaofikiria kwenda juu: Mbeya imekaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, na ardhi hutikisika. Ghorofa linahitaji mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa, uliotokana na uchunguzi wa udongo wa kiwanja hicho. Mchoro wa ghorofa la shemeji aliyejenga Dodoma hautakusaidia.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda na fedha.

Anza na jina. Kama hati ina jina la marehemu, ombi halisogei hata hatua moja mpaka mirathi ifunguliwe, msimamizi ateuliwe na mahakama na jina lake lisajiliwe kwenye hati. Ndugu kukubaliana sebuleni, hata mkiandikishana mbele ya balozi, si uteuzi wa mahakama. Kama hati iko benki kwa dhamana ya mkopo, lete ridhaa ya benki kwa maandishi. Kisha lipa kodi ya pango la ardhi mpaka mwaka huu. Mfumo utaonyesha deni, kwa hiyo kulificha ni kujichelewesha. Malipo yote ya Serikali ni kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Ukiambiwa na yeyote, hata kama amevaa kitambulisho, utume kwenye simu yake ili "alisogeze faili", hujalipa chochote.

Kugawa kiwanja kunahitaji mchoro wa mgawanyo ulioandaliwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa. Mchoro unapita kwenye kamati ya halmashauri, unapelekwa kuidhinishwa na mamlaka ya juu, halafu mpima ardhi anakwenda uwandani kuweka mawe na kuandaa ramani ya upimaji. Ramani ikishaidhinishwa, hati ya zamani inarudishwa na hati mpya zinaandaliwa kwa kila kipande. Usiuze kipande kabla ya hapo. Mnunuzi aliyepewa karatasi ya mauziano ya "nusu ya kiwanja namba fulani" hana kiwanja kinachotambulika, na akija kwetu hatuna namba ya kumtafutia.

Kubadili matumizi, mathalani kutoka makazi kwenda makazi na biashara, kuna nyongeza moja: kusudio lazima litangazwe, na majirani wapewe muda wa kuleta pingamizi. Hatua hiyo hairukwi hata kama majirani wote ni ndugu zako.

Baada ya yote hayo ndipo kinakuja kibali cha ujenzi, ambacho siku hizi kinaombwa mtandaoni kwa TAUSI, mfumo wa huduma za halmashauri. Michoro ya nyumba, mchoro wa kuonyesha jengo linavyokaa kwenye kiwanja, na michoro ya mhandisi kwa ghorofa. Nakala ya kibali ikae eneo la ujenzi, siyo kabatini nyumbani kwa mwenye mali aliyeko Tunduma. Kumbuka pia kwamba hati ya makazi kwa kawaida inakupa miezi 36 kuendeleza kiwanja.

Anayeanza bila kibali hupewa notisi ya kusimama. Akitii, tunazungumza, jengo linakaguliwa, na kama linafuata masharti ya eneo anaweza kuelekezwa namna ya kuomba kibali na kulipa adhabu iliyowekwa na kanuni zinazotumika. Akikaidi, hatua zinazofuata ni mahakama na amri ya kubomoa, na gharama za kubomoa anadaiwa yeye. Kulipa faini hakulihalalishi jengo lililokaa kwenye njia au juu ya bomba. Na wale wanaosubiri Ijumaa jioni ili wapandishe ukuta mpaka Jumatatu asubuhi: ukuta huo Jumatatu utakuwepo, na sisi pia tutakuwepo.

Niguse haraka mambo yanayochanganywa. Alama ya X kandokando ya barabara kuu huwekwa na TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu, kwa ajili ya hifadhi ya barabara, ambayo Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaiweka mita 30 kila upande kutoka katikati. Haina uhusiano na ujazo wa makazi. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba anakufahamu na kiwanja anakijua, siyo kwamba umeruhusiwa kujenga. Fidia haipo pale ujazo unapopanda, kwa sababu hakuna ardhi iliyochukuliwa. Ikihitajika sehemu ya ardhi yako kwa barabara ya umma, hapo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na una haki ya kuidai.

Hosteli nazo. Karibu na vyuo vyetu, Ikuti na Iyunga hasa, nyumba za familia zinajazwa vitanda vya deka, sebule inakatwa kwa mbao kupata vyumba viwili, na choo kimoja kinahudumia watu ishirini. Mwenye nyumba anatueleza kwamba hajajenga kitu, kwa hiyo hahitaji kibali. Kuta hakuongeza, sawa, lakini matumizi ameyabadili, na karo lililochimbwa kwa watu sita linajaa kila baada ya wiki chache. Mtaa ukipandishwa ujazo, hosteli bado inaombewa kama hosteli.

Mwisho ni pingamizi. Rasimu ya mpango inapobandikwa, mwananchi yeyote anaweza kupinga, na tunapenda mapingamizi yanayoweza kukaguliwa: mtaro unaofurika, andika uko wapi, njia ambayo mchoro unaonyesha ni mita 6 wakati uwandani ni mbili, kisima kinachotumiwa na kaya kadhaa ambacho mchoro haukukionyesha. Weka namba ya kiwanja, weka picha kama unayo, weka sahihi na namba ya simu inayopatikana, na lete ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo. Barua inayosema tu kwamba "hatutaki wapangaji mtaani kwetu" itapokelewa na kugongwa muhuri kama nyingine, ila hakuna mahali kwenye mchoro tunapoweza kuitumia.