Kabla ya simu ya video, pimeni kivuli

Walimu wa sekondari hapa Lindi wakiniita niwasaidie kuunganishwa na shule ya ng'ambo, ombi la kwanza huwa simu ya video. Projekta nitaifunga, laini nitaiweka, lakini najua kinachofuata: salamu, wimbo, mtandao unakwama, kipindi kimeisha. Wiki ya pili hakuna cha kuzungumza.

Madarasa mawili hudumu pamoja pale kila upande unapokuwa na kitu ambacho mwenzake hawezi kukipata bila yeye. Chukua Lindi na Berlin, Ujerumani. Sisi tupo karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, wao nyuzi 52.5 kaskazini. Tarehe 20 Machi, jua likiwa juu ya Ikweta, simamisheni fimbo ya sentimita 100 kwenye sakafu iliyo sawa, muinyooshe kwa uzi uliofungwa jiwe. Kuanzia saa sita na robo, kila dakika tano tieni alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli. Kitafupika mpaka kama saa sita na nusu, kisha kitaanza kurefuka. Kile kifupi kuliko vyote ndicho mnachokitaka: sentimita 18 hivi, kikielekea kusini. Berlin watapata kama sentimita 130, na chao kinaelekea kaskazini! Hapo hata mtoto wa nyuma kabisa atauliza kwa nini.

Urefu wa kivuli na wa fimbo unawapa pembe kati ya miale ya jua na fimbo: kwetu nyuzi 10, Berlin nyuzi 52.5. Pembe mbili hizo zikijumlishwa ni nyuzi 62.5. Umbali wa kusini hadi kaskazini kwenye ramani ni kama kilomita 6,900. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 62.5: karibu kilomita 40,000, mzunguko wa dunia. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alitumia hoja hiyohiyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Kila darasa linapima adhuhuri ya kwao, kwa hiyo hakuna haja ya kuwa hewani pamoja. Picha moja na namba moja kwa WhatsApp zinatosha, na bando haliishi. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukadorora nchini, kazi ya namna hii ingesubiri tu. Nami napenda zaidi ujumbe wa sauti: mwanafunzi wa kidato cha pili anayeogopa Kiingereza hurekodi, akasikiliza, akafuta, akarudia mpaka aridhike. Kwenye video ya moja kwa moja angekaa kimya.

Mkishazoeana, lipo jambo kubwa zaidi. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, mkoani kwetu, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na watu wa huku hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mmoja amesimamishwa makumbusho huko, kimo chake zaidi ya mita 13. Wao wanaweza kwenda kumpiga picha. Wetu wanaweza kuwarekodi wazee wanavyoisimulia habari hiyo. Sasa simu ya video ina kazi, na saa zinaruhusu: tumewatangulia kwa saa moja au mbili tu. Kwa mwenza wa New York ingekuwa vigumu zaidi: wakiingia darasani saa mbili asubuhi, kwetu ni saa tisa au kumi alasiri.

Anayetaka kupima Machi aanze kutafuta mwenza Januari. Mtandao wa iEARN, unaounganisha shule za nchi mbalimbali tangu 1988, ni mahali pazuri pa kuanzia. Na kabla sura ya mtoto yeyote haijatumwa, mzazi aridhie kwa maandishi.